Kabla hujanunua kompyuta ya kipande kimoja, uliza habari ya tundu la HDMI

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo kutwa nzima macho yangu yako kwenye herufi. Mwaka 2019 nilinunua Kariakoo kompyuta iliyotumika ya inchi 24, ya kipande kimoja, yaani kioo na mashine vimefungwa pamoja. Niliipenda sana. Mezani palikuwa na waya mmoja tu wa umeme, na rangi zake zilikuwa safi kuliko za laptopu yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Mwaka wa nne ikagoma kuwaka. Fundi akaifungua, akaniambia mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imeungua na ya kubadilishia hajaipata popote. Kioo chenyewe kilikuwa kizima, hakina hata doa. Nikasema basi nitakitumia kama monita ya laptopu, maana ubavuni kuna tundu la HDMI, lile la waya wa picha. Nikachomeka waya, nikasubiri. Giza. Fundi akanionyesha neno dogo lililoandikwa chini ya tundu: OUT.

"Dada, hili linatoa picha, halipokei."

Kompyuta nyingi za aina hii ziko hivyo: tundu ni la kupeleka picha kwenye kioo cha pili au projekta. Chache zina tundu la kupokea, nalo huandikwa IN. Hata iMac, kompyuta za kipande kimoja za Apple, baadhi ya zile za 2009 hadi 2014 ziliweza kugeuzwa monita, lakini zenye kioo cha Retina, kile chenye picha kali zaidi, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2014 haziwezi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo, namwambia anunue laptopu na monita. Mashine huchoka mapema kuliko kioo. Laptopu ikizeeka unabadilisha laptopu, monita inabaki pale pale. Halafu kuna umeme. Wakati wa mgao wa mwaka 2023, umeme ukikatika monita yangu ilizimika, lakini laptopu iliendelea kwa betri yake. Nilichomoa waya nikamalizia sura niliyokuwa naipanga kwenye kioo kidogo. Ile ya kipande kimoja ingezima papo hapo na kila nilichokuwa sijahifadhi, labda uwe na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda.

Simaanishi kwamba hazifai. Kwenye kaunta ya duka, mapokezi ya zahanati, au kwa mzazi nyumbani ambaye hataki nyaya nyingi, ni nzuri. Nunua na UPS, na uulize kama RAM (kumbukumbu ya muda) na diski vinabadilishika, kwa sababu kwenye nyingine RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi.

Ukiamua kuchukua monita, usikimbilie ukubwa. Inchi 24 yenye pikseli, vile vidoa vidogo vinavyojenga picha, 1920 kwa 1080 inatosha kwa kazi za ofisi. Pikseli hizo hizo ukizitandaza kwenye inchi 27, herufi zinaanza kuonekana zimechakaa pembeni. Kwa ukubwa huo tafuta 2560 kwa 1440. Omba kioo cha IPS, ambacho rangi hazigeuki ukikitazama kutoka ubavuni. Stendi ipande na kushuka, shingo yako itakushukuru. Kama haipandi, angalia mgongoni kama kuna matundu manne ya kufungia mkono wa chuma.

Dukani nenda na laptopu yako na waya wako. Tundu la USB-C lisikudanganye, si kila moja hutoa picha. Jaribu kabla hujatoa hela. Kisha fungua picha nyeupe tupu ijae kioo chote, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Sogea karibu, pitisha macho polepole kona hadi kona. Kidoa kilichokufa hujificha kwenye rangi moja na kujitokeza kwenye nyingine, na muuzaji akikuharakisha mwombe dakika mbili zaidi.