Kabla hujafungua kompyuta, kauone mtaro

Ninyi mnaoanza kazi ya mifereji na mabwawa ya kupokea mafuriko mjini, hesabu mtaizoea tu. Chukua hekta 10 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Eneo likiwa la nyasi na miti, tuseme sehemu 0.3 ya mvua ndiyo inatiririka: nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Lijae mabati na zege, sehemu hiyo ifike 0.8, unapata 1.33. Kwa nusu saa, tofauti yake ni kama mita za ujazo 1,500. Hizo ndizo bwawa lizipokee, kisha liziachie polepole.

Mimi hesabu haikuniumbua. Bwawa langu la kwanza, hapa Dar es Salaam, kwenye michoro lilipendeza. Masika yalipoisha nikaenda kulitazama: bomba la kutolea maji limezibwa na chupa za plastiki, kandambili moja na kiroba kilichojaa matope, mchanga umefika magotini. Na sikuwa nimeacha hata njia ya kuteremshia katapila! Vijana wakausomba kwa makoleo na ndoo, wiki nzima, huku wakinitazama.

Kwa hiyo chimba kwanza shimo la kunasia mchanga pale maji yanapoingilia, dogo, linalofikika kwa gari. Nondo za kuchuja taka zilaze mshazari, taka zipande juu maji yapite chini. Utoro wa dharura, yaani njia ya maji kumwagikia bwawa likijaa, usiukate hata bajeti ikibana; iko siku mvua itazidi kipimo chako.

Vipimo vya mvua vikiwa haba, waulize wenyeji. Huko mtaa wa Kigogo, mama mmoja aliniona nahangaika na mashine ya kupimia. Nikamwamkia, akaniita ndani: "Njoo uone, mwanangu." Akasogeza kabati. Ukutani palikuwa na mstari wa tope la mafuriko ya Desemba 2011, juu ya kitasa cha mlango. Mchoro wangu ulisema maji yataishia magotini. Niliurudia wote.

Na ukishuka karibu na pwani, shika jedwali la kupwa na kujaa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto Msimbazi pale daraja la Salenda yanakosa pa kwenda, hata mtaro uwe mpana vipi.