Muulize Mjomba: Niko Peke Yangu Ukweni

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimeoa Langoni, hapa Lamu. Mashemeji zangu wote ni Manchester United, mimi Arsenal. Jumapili wamenialika tukatazame mechi ukumbini. Niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, ukikataa watasema umeogopa. Jezi iache nyumbani, ukae benchi la nyuma karibu na mlango. Arsenal wakifunga, shika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, maana hiyo mikono itaruka yenyewe. Watakukumbusha zile 8-2 United walizowafunga Arsenal uwanjani kwao Old Trafford mwaka 2011. Hilo halina jibu, nyamaza. Lakini nawe unayo yako: msimu wa 2003/04 Arsenal walitwaa ligi bila kufungwa hata mechi moja. Liseme wakati wa mapumziko, mara moja tu, kwa upole. Na mkishinda, mishikaki ununue wewe.