Wachina wanachapa kazi, mtoto yuko na nani?

Tangu nihamie Guangzhou, swali linalonifuata kuliko yote ni hili la kazi na malezi. Leo najibu manne.

Hiyo “996” ninayoisikia ni sheria ya China? – Msomaji, Morogoro

Wala. Ni kazi ya saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. (Kwa saa zetu ingeitwa 336.) Sheria yao ya kazi inasema saa 8 kwa siku, na muda wa ziada usizidi saa 36 kwa mwezi. Agosti 2021 Mahakama Kuu na wizara ya kazi zilitamka wazi kwamba 996 ni kinyume cha sheria. Jirani yangu, mtengenezaji wa programu za simu, anaijua hukumu hiyo vizuri. Bado anarudi mtoto ameshalala.

Basi mtoto anabaki na nani? – Mama wa wawili, Tanga

Na bibi. Simama kwenye lango la shule ya msingi wakati wa kutoka uone: wazee wamejipanga, kila mmoja na chupa ya maji ya moto, na mtoto akitokea tu, begi linahamia begani kwa bibi. Wengi wao si wenyeji. Wameacha kijiji, mashoga zao na mara nyingine hata mume, wakaja mjini kulea mjukuu. Wachina wana jina lao, *lao piao*, yaani wazee wanaoelea.

Vurugu hazikosi. Bibi anamvika mtoto nguo tatu, mama anamvua mbili. Bibi anamfukuzia mjukuu sebuleni na kijiko cha wali, mama kasoma kwamba mtoto ajilishe mwenyewe. Lakini mama huyo anameza maneno, maana bibi akikasirika akapanda treni, kesho kazini haendi mtu.

Na bibi mwenyewe anaanza kuadimika. Mwanamke wa kiwandani alikuwa anastaafu akiwa na miaka 50, wa ofisini 55, mwanaume 60. Kuanzia Januari 2025 umri unasogezwa kidogo kidogo, kwa miaka 15, hadi 55, 58 na 63. Serikali imehesabu pensheni. Sijui kama imehesabu begi lile la shule.

Siku hizi wanaruhusiwa watoto watatu. Mbona hawazai? – Msomaji, Mombasa

Ruhusa ilitoka 2021, gharama zikabaki palepale. Likizo ya uzazi kitaifa ni siku 98, mikoa mingi imeongeza, Beijing ni 158. Baba wa Beijing anapata 15. Tangu 2025 serikali inatoa yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tena mwajiri amekatazwa tangu 2019 kumuuliza mwanamke kwenye usaili kama ana mpango wa kuzaa. Asiulize kwa mdomo, kichwani anauliza.

Bosi wangu Mchina hapa saiti hajaenda kwao mwaka mzima, mtoto anamwona kwenye simu tu. Hajali? – Fundi, Kenya

Ndugu yangu, usimhukumu. Kwao hata mtu asiyevuka mpaka anaishi hivyo: baba na mama wako viwandani Guangdong, mtoto kaachwa Henan au Sichuan, kwa sababu uandikishaji wa makazi, *hukou*, unaifanya shule ya mjini iwe ngumu kwa mtoto wa kijijini. Wanaonana Mwaka Mpya wa Kichina.

Bosi wako ana tatizo lingine, saa. China iko mbele yenu kwa saa tano. Akisubiri amalize kazi saa kumi na mbili jioni, kwao ni saa tano usiku na mtoto kalala zamani. Nafasi yake ni saa saba mchana, mkienda kula, ambapo huko ni saa kumi na mbili jioni na bibi ndiyo anapakua. Ukimkuta ameegemea gari, simu usoni, anachekacheka peke yake, habari ya saruji iliyopungua mpelekee saa nane.