Kupiga picha za muziki Bagamoyo: tuanze na masikio

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma hapa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, aliniuliza anunue kamera gani ili apige picha za wanamuziki. Nikamjibu kwa swali: ile bendi uliyoiona Jumamosi, kwenye wimbo wao wa pili, solo inaingia baada ya ubeti wa ngapi? Akacheka, akadhani namkwepa.

Mimi nilianzia kwenye paspoti saizi. Kibanda cha Magomeni, pazia la bluu, stuli moja, na wateja wa asubuhi wanaotaka picha 4 kabla ofisi hazijafunguliwa. Muziki ulikuja baadaye, kwa rafiki yangu aliyekuwa anapiga besi kwenye bendi ya hotelini. Aliniomba picha mbili tatu za kuweka mtandaoni. Nilikwenda na kamera na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, nikarudi na picha zaidi ya 600. Nusu zimetikisika. Zilizobaki, mwimbaji amefumba macho, au maikrofoni imemziba mdomo utadhani anakula muhindi wa kuchoma.

Kifaa kina nafasi yake, sibishi. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa) haina bei kubwa, na inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile ya boksi inayoishia f/5.6. Nunua hiyo kwanza. Ya mtumba haina tabu, ila imulike kwa tochi uangalie kama ina kuvu ndani. Hapa kwetu unyevu na chumvi ya bahari havina huruma, na mimi nimeshazika lenzi mbili. Siku hizi nakusanya vile vipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navitupia kwenye begi la kamera. Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, usishushe chini ya 1/250 ya sekunde kwa mwimbaji asiyetulia. Mpiga dramu mpe 1/500, la sivyo mikono yake itatoka kama feni. ISO, yaani wepesi wa kamera kuona kwenye giza, iache ipande 3200, hata 6400. Chenga zinazotokea kwenye picha zinasameheka, picha iliyotikisika ni nadra kusameheka. Zile taa nyekundu za LED zinafuta sura ya mtu ikabaki kama nyanya, kwa hiyo subiri zibadilike, au picha uigeuze nyeusi na nyeupe. Hayo ya kamera utayajua ndani ya mwezi.

Kilichonichukua miaka ni kusikiliza. Kuna mwaka nilikuwa mbele kabisa ya jukwaa kwenye Tamasha la Sanaa na Utamaduni la hapa, lile linalofanyika tangu 1982. Wapiga ngoma walikuwa wamekolea. Nikapiga picha moja nzuri, nikainama kidogo kuitazama kwenye kioo cha kamera. Nasikia watu wanapiga kelele. Nainua kichwa, wachezaji ndiyo kwanza wanatua chini kutoka kwenye mruko ambao sikuuona hata kivuli. Walipomaliza nilimfuata mzee aliyekuwa anapiga ngoma kubwa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama ule mruko wataurudia kesho.

"Marahaba. Ngoma ilikuita, mwanangu. Wewe ulikuwa wapi?"

Akanipigia pale pale kwa vidole kwenye meza, taratibu, ule mpigo anaowapa wachezaji kabla ya kuruka. Kumbe alikuwa ameupiga mara tatu usiku ule, na mara zote tatu mimi nilikuwa nashughulika na vitufe. Tangu siku hiyo siangalii picha wimbo ukiwa unaendelea.

Mambo ni yale yale kwenye muziki wowote. Bendi ya dansi inakuonyesha njia kabla ya kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza: gitaa la solo linapanda, mwimbaji anasogea nyuma kuwapisha wachezaji. Kwenye rock mpiga dramu anazungusha fimbo kwenye ngoma zake zote kwa haraka, halafu kila mtu anarukia kiitikio. Ukimsikia anaanza kuzungusha, una kama sekunde moja ya kujiandaa. Rock yenyewe haina majukwaa mengi Pwani, ingawa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapo ng'ambo tu, Unguja, 1946. Lakini bendi zenye magitaa makali huja, na matamasha mengi makubwa ya nje yana desturi ya kuwaruhusu wapiga picha nyimbo 3 za mwanzo, bila flashi, kisha wanatolewa. Nyimbo 3 ni kama dakika 12. Ukiwa hujasikiliza nyimbo zao nyumbani, dakika 12 zitaishia kwenye kutafuta nani anaimba.

Picha ninayowaonyesha wanaoanza ni ya Pennie Smith, Mwingereza. Septemba 1979, ukumbi wa Palladium, New York, alimpiga picha Paul Simonon, mpiga besi wa bendi ya punk ya Uingereza, The Clash, akilibamiza gitaa lake la besi sakafuni. Smith alikuwa pembeni ya jukwaa, akamwona Simonon hayuko sawa usiku ule, akabaki naye. Picha imetoka na ukungu, na Smith mwenyewe hakutaka itumike kwa sababu hiyo. Bendi wakang'ang'ania, ikawa jalada la albamu yao, London Calling. Mtu asiyemjua Simonon angekuwa anampiga picha mwimbaji.

Kwa hiyo nenda wanapopima vyombo, saa 10 jioni, kabla watu hawajafika. Salimia. Beba spika kama wanahitaji mkono. Hapo ndipo utajua nani ana kawaida ya kupanda juu ya boksi la spika, na nani amegombana na nani.

Pesa nitasema kwa kifupi kwa sababu bado inaniuma. Mwandaaji mmoja alitumia picha yangu kwenye mabango ya mji mzima, na malipo nikaambiwa ni "kujulikana". Sikuwa na karatasi hata moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha pia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo, lakini kudai bila maandishi ni kuchoka bure. Jim Marshall, Mmarekani aliyepiga picha kwenye tamasha la Woodstock 1969, alishikilia umiliki wa picha zake mpaka uzeeni. Sisi tuanze hata na ujumbe wa WhatsApp: picha ngapi, zitumike wapi, malipo lini. Na kibanda cha paspoti usikifunge. Changu kipo wazi mpaka leo, ndicho kinacholipa kodi.

Halafu nunua vizibo vya masikio. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri dakika 15 tu kwa siku kwenye sauti ya desibeli 100, na ukisimama mbele ya spika za jukwaa unafika hapo kirahisi. Mimi nilichelewa; sikio la kushoto linalia usiku.

Yule kijana alirudi juzi. Kamera bado hajanunua. Akasema solo inaingia baada ya ubeti wa pili, ila Jumamosi ile ilichelewa kwa sababu waya wa gitaa ulichomoka na mpiga kinanda akajazia. Nimemwambia aje Ijumaa saa 10, atanibebea begi.