Kwa mnaoanza kuogelea nasi Bamburi

Wadogo zangu, Jumamosi nimewatazama tena mkikimbilia majini, na hata mmoja hakuuliza kama maji yanajaa au yanakupwa. Nilinyamaza pale mchangani kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa nasema.

1. Toeni pumzi uso ukiwa ndani ya maji. Mnaibana, kisha mkigeuza kichwa mnataka kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja, mnameza chumvi na kulaumu mawimbi. Kinachowakaba ni kaboni dayoksaidi iliyojaa mwilini. Itoeni kwa pua, polepole, mapovu yaonekane. Na nyinyi mnaohema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi mkishindana, acheni leo hii. Gesi hiyo ndiyo inayoushtua mwili utafute hewa. Ukishaifukuza, unaweza kuzimia chini bila dalili yoyote.

2. Tazama chini. Kichwa kikipanda, miguu inazama.

3. Maji ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote yaliyo kati ya pwani na mwamba wa matumbawe yakianza kupwa hutafuta mlango wa kutokea, yaani pengo la mwamba. Nilikuwa nalijua hilo, nimezaliwa hapa. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi ya bwawani kwa miezi, mwili mwepesi, nikaingia maji yakitoka na kuelekea mlangoni. Nilikwenda kasi ajabu, nikaamini ni nguvu za mikono yangu. Nilipogeuka, mnazi niliouweka alama haukusogea. Nikapiga mikono zaidi, moja kwa moja kuelekea pwani, mpaka mabega yakakataa. Nyuma yangu kulikuwa na kijana aliyenifuata kwa kuwa aliniamini. Hakuniuliza kitu, aliniona mimi naingia naye akaingia. Mvuvi mmoja alitupandisha kwenye ngalawa yake, kijana akitapika maji, macho yamemtoka. Alipona, alhamdulillahi. Baharini hajarudi, na mama yake nikikutana naye sokoni hunisalimu vizuri tu, nami nashindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo: mkondo ukikushika, usishindane nao. Kata kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Ukichoka lala chali, inua mkono, piga kelele. Na siku zote anza kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili ukiwa umechoka ukurudishe nyumbani.

4. Msikariri saa. Maji huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku, basi saa nzuri ya Jumamosi hii si ya Jumamosi ijayo.

5. Boya la rangi kali kiunoni, hasa karibu na boti za watalii zenye kioo chini. Nahodha haoni kichwa cheusi kwenye mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini.

6. Kasi baadaye. Ogelea kidogo, simama maji ya kiunoni, hema, rudia. Mama mmoja wa kundi letu alianza hivyo kwa ajili ya magoti yake, na leo vijana wa mpira wanamwona visigino tu.

Jedwali la maji la mwezi huu ninalo. Asiyelisoma atabaki mchangani kulinda taulo za wenzake.