Historia ya kiwanda bila nyaraka za kampuni

Kuandika historia ya kiwanda inawezekana, hata kama madaftari yote ya kampuni yameungua. Tafuta kwa wale waliokuwa wakiidai. Faili la kesi ya kufilisika mahakamani ndilo bora kuliko yote, maana mfilisi, yaani anayesimamia mali ya kampuni iliyofilisika, huorodhesha kila kitu: mashine moja moja, mali ghafi iliyobaki stoo, wadai, hata wafanyakazi ambao hawajalipwa. Binafsi huanzia hapo kabla ya kugusa magazeti.

Kama ni Marekani, angalia ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizoanza 1867. Rangi ya waridi ni jengo la matofali, njano ni la mbao, na mara nyingi zinaonyesha boila ilikokaa na kama kulikuwa na mlinzi wa usiku. Ukilinganisha matoleo ya miaka tofauti unaona kiwanda kikipanuka.

Hataza (hati za kulinda uvumbuzi) nazo zina michoro, ila hazithibitishi kwamba mashine iliwahi kutengenezwa. Na ile picha ya kiwanda juu ya barua za kampuni usiiamini sana. Wachoraji walipenda kuongeza dohani.