Namba 2147483647: tunajuaje kuwa ni tasa?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu anajifunza kuandika programu za kompyuta. Hesabu yake ilipofika 2147483647 na kuongezwa 1, jibu likageuka kuwa namba hasi. Mwalimu wake akamweleza sababu, kisha akaongeza kwamba namba hiyo ni tasa. Je, mtu huhakikishaje jambo hilo bila kuigawa kwa maelfu ya namba?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua 2 yenye kipeo cha 31 na kutoa 1. Kompyuta inapohifadhi namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 31 zilizobaki ndiyo hiyo. Hayo ni ya mashine. Utasa wake ni habari nyingine, tena ya zamani zaidi, kwa kuwa mwanahisabati Leonhard Euler aliueleza katika barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake, Johann III Bernoulli, mwaka 1772, wakati ambapo alikuwa karibu kipofu kabisa.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kipeo kuwa namba tasa hakutoshi: 11 ni tasa, lakini 2 yenye kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2047, ambayo ni 23 mara 89. Hata hivyo, itazame 2047 kwa makini. Ukitoa 1 katika 23 unapata 22, na ukitoa 1 katika 89 unapata 88, na zote mbili zinagawanyika kwa 22, yaani mara mbili ya kipeo. Hiyo si bahati, kwani ni kanuni kwamba kila kigawo tasa cha namba za aina hii, kipeo kikiwa tasa kilicho kikubwa kuliko 2, lazima kizidi kwa 1 kigawe cha mara mbili ya kipeo, na tena kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7.

Kwa namba yetu, mara mbili ya kipeo ni 62. Ukiunganisha masharti hayo mawili, kigawo tasa chochote kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Zaidi ya hayo, hatuna haja ya kuvuka kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hakifiki 46341, kwa sababu namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo hicho. Chini ya mpaka huo, namba zinazotimiza masharti, ukiziacha 1 na 63 ambazo kwa wazi si tasa, ni 372 tu, na nyingi kati yake zinaondoka zenyewe kwa kuwa si tasa, kama 249 ambayo ni 3 mara 83. Zilizobaki hujaribiwa moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja inayoigawa 2147483647 bila baki.

Mwanao anaweza kuirudia kazi hiyo yote kwa programu ya mistari michache. Ningemshauri aanze na 2047, aone 23 na 89 zikijitokeza, ndipo aweke 31 mahali pa 11. Akimaliza, aizidishe namba yetu kwa 1073741824, ambayo ni 2 yenye kipeo cha 30: atapata 2305843008139952128, namba iliyo sawa kabisa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama vile 6 ilivyo sawa na 1 na 2 na 3 zikijumlishwa.